Kiungo Kinapotiwa Bei: Miitikio ya Wanablogu kwa Adhabu za Injini za Utafutaji

Utangulizi

Neno kiungo si geni kwa msemaji wa Kiswahili. Goti na kiwiko ni viungo vya mwili. Iliki, mdalasini na bizari ni viungo vya chakula. Katika enzi hii ya intaneti, neno hili limebebeshwa maana nyingine: ni sehemu ya ukurasa wa wavuti ambayo msomaji akiibonyeza hupelekwa kwenye ukurasa mwingine. Ajabu ni kwamba viungo vya aina hii navyo, sawa na vile vya pilau, vina soko, wauzaji na wanunuzi. Tofauti ni kuwa muuza iliki haadhibiwi kwa kuuza iliki, ilhali mwanablogu aliyeuza kiungo huenda akaamka siku moja na kupata kwamba blogu yake imezikwa mahali ambapo hakuna msomaji anayefika.

Makala haya yananuia kueleza jinsi wanablogu walivyoziitikia adhabu ambazo injini za utafutaji, hasa Google, zimekuwa zikiwatolea kwa kuuza viungo. Tutaanza kwa kueleza kwa nini kiungo kina thamani, kisha tutazame soko lilivyozuka na adhabu zilivyoanza. Baadaye tutaainisha miitikio yenyewe na kuzipima hoja za kila upande. Tunashikilia kwamba mvutano huu si wa pesa pekee. Ni mvutano kuhusu neno la mtu: mwandishi anapompendekezea msomaji wake kitu, ni nani mwenye haki ya kudai kujua iwapo pendekezo hilo lilinunuliwa?

Kiungo kama kura

Ili kuielewa adhabu, ni sharti tuelewe kwanza thamani ya kiungo. Injini nyingi za utafutaji za miaka ya 1990 zilitegemea zaidi maneno yaliyomo kwenye ukurasa. Aliyetaka kuonekana mbele ya wenzake aliweza kurudiarudia neno moja mara mia, na mtambo ukahadaika. Mnamo 1998 Larry Page na Sergey Brin, waliokuwa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, walieleza mbinu tofauti waliyoiita PageRank. Wazo lao lilifanana na desturi ambayo wasomaji wa jarida hili wanaifahamu vyema, yaani kunukuu. Tasnifu inayonukuliwa na wataalamu wengi huchukuliwa kuwa na uzito. Na ikinukuliwa na mtaalamu ambaye yeye mwenyewe hunukuliwa sana, uzito huo huongezeka.

Kwa mantiki hii, kila kiungo kilihesabiwa kuwa kura. Mwenye ukurasa akiuelekeza umma kwenye ukurasa wa mwenzake, anausifu. Hata hivyo, kura hizi hazikuwa sawa. Kura ya ukurasa wenye hadhi ilikuwa nzito kuliko ya ukurasa usiojulikana, na ukurasa wenye viungo vingi uligawanya uzito wake baina ya wote uliowaelekea. Msingi wa mfumo mzima ulikuwa dhana moja tu: kwamba anayeweka kiungo amekiweka kwa hiari, kwa sababu amekiona kitu chema.

Mnamo Desemba 2000 Google ilitoa chombo kidogo cha kuongezwa kwenye kivinjari, ambacho kilimwonyesha mtumiaji alama ya PageRank ya ukurasa aliokuwa akiusoma, kuanzia sufuri hadi kumi. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Hadhi ambayo awali ilijulikana na mtambo pekee sasa ilionekana na kila mtu. Na kitu kinachopimika hadharani hakikawii kutiwa bei.

Soko la viungo

Dalili za mapema zilijitokeza katika jimbo la Oklahoma. Mwaka 2002 kampuni iitwayo SearchKing ilianzisha mtandao wa matangazo ambamo alama za PageRank zilikuwa kigezo cha bei. Muda si muda, alama zake zenyewe zikaporomoka. SearchKing iliishtaki Google. Mwaka 2003 mahakama ya shirikisho iliitupilia mbali kesi hiyo kwa hoja kwamba alama za PageRank ni maoni ya Google, na maoni hulindwa na Katiba ya Marekani. Uamuzi huu una uzito katika mjadala wetu, kwani uliashiria mapema kwamba aliyeshushwa hadhi na injini ya utafutaji hangepata nafuu mahakamani kwa urahisi.

Kufikia katikati ya mwongo huo, blogu zilikuwa zimeenea, na madalali wa viungo nao wakaenea. Text Link Ads iliwaunganisha wenye tovuti na watangazaji waliotaka maneno machache yenye kiungo pembeni mwa ukurasa. Mnamo 2006 Ted Murphy alianzisha PayPerPost huko Orlando, Florida, ambapo mwanablogu alilipwa kwa kuandika kuhusu bidhaa fulani na kuweka kiungo cha mwenye bidhaa hiyo.

Ni muhimu tutofautishe mambo mawili hapa. Tangazo la kawaida hutafuta macho ya msomaji: mtangazaji hulipa ili watu waone, wabonyeze, wanunue. Kiungo kilichouzwa kwa ajili ya PageRank hutafuta kura. Mnunuzi hakujali iwapo hata msomaji mmoja angekibonyeza, mradi mtambo ukihesabu. Kwa maneno mengine, mwanablogu hakuwa akiuza nafasi katika ukurasa wake. Alikuwa akiuza hadhi yake.

Adhabu zilivyoanza

Januari 2005 Google, Yahoo na MSN zilitangaza kwa pamoja alama ya msimbo iitwayo nofollow, yaani “usifuate”. Kusudi la kwanza lilikuwa kuwazuia walaghai waliojaza viungo vyao katika maoni ya wasomaji kwenye blogu. Kiungo kilichotiwa alama hiyo kiliendelea kumpeleka msomaji alikotaka, lakini hakikuhesabiwa kuwa kura. Baadaye Google ilipanua matumizi yake: viungo vya kulipiwa navyo vilitakiwa kutiwa alama hiyo.

Aprili 2007 Matt Cutts, mhandisi wa Google aliyeongoza vita dhidi ya ulaghai katika matokeo ya utafutaji, aliwaalika watu waripoti viungo vilivyouzwa. Wengi waliuona mwaliko huo kama wito wa kuchongeana. Oktoba mwaka huo, adhabu zilidhihirika. Gazeti la wanafunzi wa Stanford, chuo kilekile ilikozaliwa Google, lilionekana limeshuka kutoka alama tisa hadi saba. Wiki chache baadaye iliripotiwa kwamba tovuti za Washington Post na Forbes, pamoja na blogu mashuhuri kama vile Engadget, ProBlogger na Copyblogger, zimepunguziwa alama mbilimbili. Novemba, wanablogu wengi waliokuwa wakiandikia PayPerPost waliripoti kwamba alama zao zimeanguka hadi sufuri.

Jambo la kuzingatiwa ni kuwa katika visa vingi vya mwaka huo, wasomaji waliotoka Google hawakupungua. Kilichoshuka ni ile alama iliyoonekana. Adhabu hiyo haikukusudiwa kumnyima mwanablogu wasomaji, bali kumnyima bei: nani angenunua kura ya mtu aliyetangazwa hadharani kuwa hana hadhi? Adhabu nyingine zilikuwa kali zaidi. Viungo vya tovuti vingeweza kupokonywa uwezo wa kupiga kura, ukurasa ungeweza kusukumwa nyuma katika matokeo, au tovuti nzima kuondolewa kabisa. Isitoshe, wengi wa walioadhibiwa mwaka 2007 hawakupokea barua wala onyo. Walibaki kukisia. Ilikuwa hadi Agosti 2013 ambapo Google iliwawekea wenye tovuti mahali pa kujionea iwapo wameadhibiwa kwa uamuzi wa binadamu.

Miitikio ya wanablogu

Miitikio iliyofuata inaweza kuainishwa katika makundi matano. Makundi haya hayatengani kabisa. Mwanablogu mmoja angeweza kupitia kadhaa katika muda wa mwezi.

Kundi la kwanza ni la waliopinga. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba blogu ni mali ya mwenyewe. Google haikuijenga, haiilipii, basi yaipa nini mamlaka ya kuamua kinachouzwa ndani yake? Walitaja pia kwamba Google yenyewe huishi kwa matangazo: ilianza kuyauza katika matokeo ya utafutaji mwaka 2000 kupitia AdWords, na mwaka 2003 ikaanzisha AdSense, mpango wa kuyaweka kwenye tovuti za watu wengine. Kwa mtazamo wao, kuwakataza wanablogu kuuza viungo lilikuwa jambo la mfanyabiashara kumfungia duka mshindani wake na kuita kitendo hicho uadilifu.

Kundi la pili ni la waliotii. Waliondoa viungo, wakavitia alama vilivyobaki, wakavunja mikataba na madalali. Baadhi walitii kwa kuridhika kwamba msomaji ana haki ya matokeo yasiyonunuliwa. Wengine walitii kwa hesabu ya kawaida ya maisha: mapato ya viungo hayakuweza kufidia hasara ya kutoonekana. Wahenga walinena, mwenye nguvu mpishe.

Kundi la tatu ni la waliojificha. Hawa hawakuacha biashara. Walibadilisha sura yake. Kiungo kilitolewa pembeni mwa ukurasa na kupachikwa ndani ya aya, ambako hakikutofautiana na kiungo cha kweli. Maneno ya kukiri malipo yalifutwa. Wengine walibadilishana viungo badala ya pesa, au walipokea bidhaa za bure. Hili ni tokeo la kusikitisha, kwani waliokuwa wakiwaambia wasomaji wao wazi kwamba wamelipwa ndio walioonekana upesi zaidi, na hivyo wengine wakajifunza kunyamaza. Kanuni iliyokusudiwa kulinda ukweli iliwapa wengine sababu ya kuuficha.

Kundi la nne ni la waliotafuta mizani nyingine. Baada ya alama za wanablogu wake kuporomoka, kampuni ya PayPerPost, iliyokwisha kujiita IZEA, ilikuja na kipimo chake chenyewe, RealRank, kilichotegemea zaidi wasomaji halisi wa blogu. Wanablogu wengine waliamua kuwashika wasomaji wao bila kupitia kwa mpatanishi: kwa barua pepe, kwa vitabu, kwa mafunzo ya kulipiwa, na baadaye kwa mitandao ya kijamii. Funzo lao lilikuwa kwamba anayepata wasomaji kupitia mlango mmoja tu ni mateka wa bawabu.

Kundi la tano ni la walioomba kufikiriwa upya. Google iliweka utaratibu rasmi wa mwenye tovuti kueleza alichokosea, hatua alizochukua na ahadi yake ya kutorudia. Mwanafunzi wa lugha atatambua mara moja muundo wa matini ya aina hii. Ni toba: kuna kukiri, kuna kutubu, kuna kuahidi. Tofauti ni kwamba mwenye kutubu hakujua atasikilizwa na nani, wala lini. Oktoba 2012 Google iliongeza chombo cha kukana viungo, ambacho kilimruhusu mwenye tovuti kuorodhesha viungo vilivyoielekea tovuti yake asivyotaka vihesabiwe. Kutokana na hofu, wanablogu wengine waliandikiwa barua na watu waliowasihi waondoe viungo ambavyo hapo awali watu haohao walikuwa wamevilipia.

Kuzipima hoja

Je, nani alikuwa na haki? Hoja ya waliopinga ina nguvu zake. Ni kweli kwamba Google ni mtunga sheria, mpelelezi, hakimu na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na chombo chenye sura nne hizo kinastahili kutiliwa shaka. Hata hivyo, hoja hiyo ina ufa. Mwanablogu alikuwa huru kuuza alichotaka. Google haikumfunga wala kumtoza faini. Ilichofanya ni kuacha kuiamini kura yake. Aidha, thamani ya alichokuwa akikiuza ilitokana na imani ya watu wasiohusika katika mapatano yale, yaani watafutaji waliodhani kwamba ukurasa wa kwanza umefika hapo kwa wema wake.

Hoja nzito zaidi ya wanablogu ilikuwa nyingine: “Nimemwambia msomaji wangu kwamba nimelipwa, kwa nini nilazimike kuuambia na mtambo?” Jibu la Google lilikuwa kwamba maandishi ya kukiri yanamfaa binadamu, lakini mtambo nao unahitaji ishara yake, la sivyo utaendelea kuhesabu kura iliyonunuliwa. Jibu hili ni la haki kwa upande wa watafutaji. Lakini linaonyesha pia kwamba mwandishi wa leo ana hadhira mbili, mtu na mtambo, na kila hadhira inadai uaminifu kwa lugha yake. Sheria ya nchi ilijali ile ya kwanza: Oktoba 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa mwongozo uliowataka wanablogu wafichue malipo na bidhaa wanazopewa. Ile ya pili iliachiwa kampuni.

Kuna pia suala la usawa. Januari 2012 Google iliushusha ukurasa wa kivinjari chake chenyewe, Chrome, kwa siku zisizopungua 60, baada ya kubainika kwamba kampeni ya makala ya kulipiwa ilikuwa imezaa kiungo kisichotiwa alama. Kitendo hiki kiliwanyamazisha baadhi ya wakosoaji. Lakini Februari 2013 Interflora, kampuni ya maua nchini Uingereza, ilitoweka katika matokeo pamoja na magazeti ya mikoani yaliyochapisha makala yake ya kulipiwa kupunguziwa alama. Nayo Interflora ikarejea kabla ya wiki mbili kutimia. Kampuni kubwa ina wataalamu wa kusafisha maelfu ya viungo kwa siku chache. Mwanablogu anayeandika usiku baada ya kazi ya mchana hana. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi.

Yaliyofuata

Mapambano hayakukoma. Aprili 2012 Google ilizindua badiliko la kanuni za hesabu lililoitwa Penguin, ambalo liliwalenga hasa walionufaika na viungo vya hila. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya makala za wageni, yaani makala ambazo mwandishi hujitolea kuziandikia blogu ya mwenzake ili apate kiungo. Mwaka 2016 alama ya PageRank iliondolewa machoni pa umma. Lile jiwe la kupimia bei likazamishwa baharini, ingawa soko lilikwisha kubuni vipimo vyake. Mwaka huohuo wanablogu waliopokea bidhaa za bure walikumbushwa kutia alama viungo vyao, na mwezi mmoja baadaye wengi wakaadhibiwa. Septemba 2019 ilianzishwa alama mahususi ya viungo vilivyofadhiliwa.

Mwaka 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya tovuti zenye sifa njema zinazowakodishia watu wengine kurasa ili wanufaike na sifa hiyo. Wachapishaji wa Ulaya walilalamika kwamba sera hiyo inawanyima mapato halali, na Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilianzisha uchunguzi rasmi. Swali la SearchKing la mwaka 2002 lilirejea, safari hii mbele ya mamlaka zenye nguvu zaidi.

Sisi tusomao na kuandika Kiswahili tunaingia wapi? Kanuni hizi hazina mipaka ya nchi. Mwanablogu wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam yumo chini yake sawa na wa Orlando, hata kama hakuwahi kuzisoma. Kwa hivyo, kuna kazi ya istilahi mbele yetu. Tunapendekeza kiungo huru kwa kile kilichowekwa kwa hiari, kiungo cha kulipiwa kwa kile kilichonunuliwa, na kiungo kisichohesabiwa kwa kile kilichotiwa alama. Mtu hawezi kujitetea katika mjadala ambao hana maneno yake.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba wanablogu hawakuwa na mwitikio mmoja kwa adhabu za kuuza viungo. Walipinga, walitii, walijificha, walitafuta mizani nyingine, na waliomba kufikiriwa upya. Tumeona pia kwamba wengi waliotii hawakushawishiwa, walizidiwa. Utiifu wa aina hiyo hauleti uaminifu, na ndiyo maana kila mlango uliofungwa ulifuatwa na dirisha lililofunguliwa.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika wavuti methali hii haijathibitika kikamilifu, kwani chema kisicho na viungo hukaa gizani, na kibaya chenye pesa hutembezwa hadi mlangoni. Lakini kwa mwandishi, hasa anayeandika katika lugha ambayo wasomaji wake ni wachache na wanafahamiana, pendekezo ni mali isiyojazika upesi ikimwagika. Anaweza kuliuza, mradi aseme ameliuza. Msomaji aliyeambiwa ukweli huo ataamua mwenyewe kama atakifuata kiungo au la.